Aliyepita Jiwe la Shukrani

Wale wa benchi la nyuma, sogeeni. Huku mbele hakuna anayeng'ata. Leo nina mfano, na nimeutunga mwenyewe juzi nikipalilia maharage, kwa hiyo baada ya ibada msianze kuulizana ni kijiji gani na ni ukoo gani. Hakuna kijiji. Kuna mlima tu, na milima sisi sote tunaijua, magoti yetu ni mashahidi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye goti baya. Aliishi ubavuni mwa mlima pamoja na mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Mwanawe mwenyewe alikuwa mbali kikazi. Juu ya kijiji chao kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu kulikuwa na bonde, na katika bonde hilo wazee wa zamani walijenga ukuta wa mawe wakazuia maji, likawa bwawa. Kutoka kwenye bwawa hilo bomba moja lilishuka mpaka kijijini, likapita zahanati, likapita shule, likapita kwenye nyua za watu. Mdomo wa bomba, kule ndani ya maji, waliuvika chujio la waya ili majani ya msituni yasiingie.

Sasa sikilizeni desturi yao. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, kijiji kizima kilitembea kwenda bwawani. Hapo zamani walishuka mpaka majini, wakalisafisha chujio kwa mikono, kisha wakapanda kwenye jiwe kubwa lililo juu ya bwawa, wakaimba na kushukuru. Na kila nyumba ilibeba fungu la masale. Sale mnalijua, lile jani refu tunalolipanda mpakani, lile ambalo ukimkosea jirani unamkatia, unampelekea, na akilipokea basi yameisha. Kila nyumba ilifunga fungu lake kwa namna yake, likatupwa majini kutoka jiweni, kumwambia Mungu asante na utusamehe.

Ni desturi nzuri au mbaya? Nzuri. Mimi nisingeigusa.

Ila mwaka mmoja mvua ilinyesha vibaya. Njia ya kushuka majini ikateleza, na watu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Wakasema, basi, mwaka huu tushukuru tu, kazi ya chujio tutaifanya mwakani. Wakaimba jiweni, wakatupa masale, wakala makande, wakarudi nyumbani. Na maji yakaendelea kutoka! Mwakani wakakumbuka kwamba mwaka uliopita hawakushuka na hakuna kilichoharibika. Mnajua wenyewe jambo la namna hiyo linavyokwenda. Ikapita miaka ishirini hakuna mguu uliokanyaga kule chini, na lile jiwe likapewa jina, likaitwa Jiwe la Shukrani.

Miaka mitatu kabla ya siku ninayotaka kuwaambia, maji yakaanza kupungua. Kwanza yakawa membamba. Halafu yakawa yanatoka asubuhi tu. Halafu zahanati ikakauka kabisa. Fundi akafungua kila kiungo kutoka zahanati mpaka pale bomba linapoingia korongoni, akasema bomba ni zima. Watu wakapanda jiweni kutazama, wakakuta bwawa limejaa mpaka ukingoni. Wakakuna vichwa. Bwawa limejaa, bomba ni zima, na maji hakuna! Wakasema hili si jambo la fundi tena, hili ni jambo la kiroho, shukrani zetu ni chache. Mwaka uliofuata kila nyumba ikaleta mafungu mawili ya masale. Maji yakapungua zaidi. Wakaleta matatu.

Mnacheka. Chekeni tu, tutafika.

Pale zahanati mkunga akaweka sharti kwamba kila mama anayekuja kujifungua aje na ndoo tatu za maji. Afanyeje, na yeye hana? Basi mke wa mwanawe yule mjane akaanza kujiwekea maji mapema, akishuka kijitoni na ndoo kichwani na tumbo mbele. Siku moja akateleza, akaanguka. Wakambeba kwa machela mpaka zahanati. Mtoto tumboni alikuwa salama, lakini mkunga akamwambia, "Ukianguka tena, sikuahidi kitu." Toka siku hiyo mjane akawa anateka mwenyewe, na goti lake la kulia likavimba kama kiazi.

Alikuwa anaogopa, ndugu zangu. Niwaambie ukweli wa yule mama. Alikuwa anaogopa siku ya uchungu itafika na ndoo hazijajaa. Na hofu yake ikageuka hasira, na hasira yake ikamkalisha macho wazi akifikiri. Bwawa limejaa. Bomba ni zima. Kati ya bwawa na bomba pana nini? Pana mdomo wa bomba tu. Naye aliukumbuka, maana alipokuwa bi harusi wa mwezi mmoja aliwahi kushuka na marehemu mumewe akaushika kwa mkono wake.

Siku ya matembezi ikafika. Asubuhi mkwe wake akamkuta anafunga fungu la masale kwa uzi wa bluu wa kiroba, mafundo matatu, jinsi nyumba yao ilivyofunga siku zote. Fundo la mume, fundo la mwana, fundo lake. Pembeni pameegemezwa mundu wa kukatia majani ya ng'ombe.

"Mama, na goti hilo?" mkwe akasema. "Si upumzike tu, wenzako watakuombea."

"Wameniombea miaka mitatu, mwanangu. Leo nakwenda mwenyewe."

"Mpaka jiweni?"

"Mpaka majini."

Mkwe akatabasamu, akidhani ni maneno ya kujitia moyo. Mjane akafunga mundu na masale mgongoni kwa kitenge, akashika fimbo yake, akatoka.

Walitoka kanisani jua likiwa bado changa, tarumbeta zikitangulia. Wakapita migomba, wakapita kahawa, wakaingia msituni. Nyie mliowahi kupita msitu wa namna ile mnajua. Miti ya mkulo mikubwa hata watu wanne hawaikumbatii, huko juu imeshikana mpaka jua linashuka kwa vipande, na mbega wanaruka na mikia yao myeupe. Vijana walitembea wakiimba. Mjane alitembea akihesabu hatua zake, kila hatua ya mguu wa kulia akiuma meno. Alipitwa na akina mama wenzake, akapitwa na vikongwe, akapitwa hata na mtu aliyebeba sufuria la makande. Kila aliyempita alimwambia, "Mama, rudi, tutakuwakilisha." Na kila aliyemwambia hivyo alimjibu, "Tangulia, nakuja."

Alipofika jiweni wenzake walikuwa wameshapumzika. Akasimama nao, akatazama chini. Jamani, palikuwa pazuri! Bonde limefunikwa na miti pande zote, na katikati bwawa limelala kimya, na mawingu yamo ndani yake. Ukilitazama kutoka pale unasahau ulichokuja kulalamikia. Naye kwa muda kidogo alisahau.

Mzee wa kanisa, mtu mwema kabisa, sisemi kwa kejeli, akapanda mahali pa juu akanyoosha mkono.

"Ndugu zangu, mnaona kile kijani kule chini, pembeni ya ukuta?"

"Tunakiona!"

"Ni masale yetu yale! Tuliyoyatupa yameshika udongo, yameota! Nani aliwahi kuona shukrani ikiota? Mungu amepokea! Tule kwanza, halafu leo tuongeze."

Vigelegele vikapigwa. Tarumbeta zikalia. Makande yakaanza kupakuliwa, na kila nyumba mafungu yake matatu mapya yako miguuni. Ndipo mzee akamwona mjane amepita sufuria, amepita watu, anaelekea kule ambako jiwe linakwisha na vichaka vinaanza.

"Mama, unakwenda wapi? Chakula hiki."

"Nashuka, mzee wangu."

"Njia hiyo ilishakufa!"

"Mimi niliipita nikiwa bi harusi."

"Ulikuwa na magoti mawili. Leo ukianguka tutakubeba na nini?"

Mjane akageuka, akamtazama. "Na machela ile ile aliyobebewa mke wa mwanangu. Bado ipo zahanati, inawasubiri wengine." Akaingia kichakani.

Alishukaje? Alishuka kwa makalio. Ndiyo, mama mzima wa kikundi cha akina mama, na kitambaa chake cha sikukuu kichwani, alikaa chini akateleza kutoka mzizi huu mpaka mzizi ule. Upupu ukamwasha mikono. Kitenge kikachanika. Mara mbili alikaa akataka kurudi, akatazama juu, akaona kurudi ni mbali kuliko kwenda. Na njia nzima alikuwa akipanga hukumu. Fundi hajui kazi. Kamati wamelala. Mzee wa kanisa anapenda kusikia sauti yake. Alipofika chini alikuwa ameshawahukumu watu kumi na mmoja, na yeye hakuwemo.

Akafika majini. Akatembea kando ya ukuta, akitafuta mdomo wa bomba, na hakuuona. Mahali alipokumbuka kuliacha chujio palikuwa na kile kijani. Huku chini hakikuwa kijani kidogo kama kinavyoonekana toka jiweni. Kilikuwa kichaka cha masale kilichomzidi urefu, kimesongamana, shina kwa shina. Akavua viatu, akaingia, maji yakamfika mapajani. Akainama, akapitisha mkono chini kwenye tope, akagusa waya. Lilikuwa chujio. Na mizizi ya masale ilikuwa imepita katika kila tundu la waya ule, imesokotana kama nywele kwenye kitana, hata kidole hakipiti.

Akashika shina lililokuwa karibu zaidi na mdomo wa bomba, akavuta kwa nguvu zake zote, likang'oka. Na kwenye mzizi wake kulikuwa na uzi. Uzi wa kiroba hauozi, mnajua. Akaufuta tope kwa kidole gumba. Ulikuwa wa bluu. Akahesabu mafundo, yakawa matatu.

Ndugu zangu, yule mama alikaa pale pale ndani ya maji akalia. Alikuwa amekuja na mundu kukata makosa ya watu, na kosa la kwanza alilolishika lilikuwa lake, tena alikuwa amelifunga vizuri, kwa upendo, akimwomba Mungu. Akafikiri, mkwe wangu alianguka na ndoo kwa sababu ya uzi huu. Niliutupa nikiimba.

Halafu akajifuta uso, maana kulia hakuzibui bomba. Akafungua lile fungu jipya mgongoni mwake, aliloliandaa asubuhi kwa mafundo matatu mapya, akalikunja, akalilaza juu ya jiwe la ukutani, akaliegemezea goti lake bovu. Ni hapo tu, nadhani, fungu lile lilipofanya kazi. Akachukua mundu, akaanza kukata.

Kule juu wakaona masale yanaanguka.

"Mama!" mzee wa kanisa akapiga kelele. "Usiguse hayo! Ni shukrani za watu!"

"Zimeziba bomba!"

"Umesemaje?"

Akasimama, akanyanyua ule uzi wa bluu juu ili wauone, akaita kwa sauti ambayo bonde lote liliirudia. "Shukrani zetu zimeziba bomba! Hili ni langu, nimeling'oa! Njooni kila mtu ang'oe lake!"

Jiweni watu wakatazama mafungu yaliyo miguuni mwao. Hebu jiweke pale. Una mafungu matatu mazuri uliyoyakata alfajiri, una nguo ya sikukuu, makande yako mkononi bado ya moto, na mama mwenye goti bovu yuko ndani ya tope anakuita. Ungefanya nini? Usinijibu haraka.

Wa kwanza kushuka alikuwa mpiga tarumbeta kubwa, mtu mnene, ambaye hakuna aliyemtegemea. Akaiacha tarumbeta yake jiweni, akakaa kwa makalio, akaja huku anaguna. Wakafuata akina mama wawili, halafu watano, halafu njia ile iliyokufa ikawa na foleni. Mzee wa kanisa alikuwa karibu wa mwisho. Alipofika majini mjane alimsogezea mundu. Akakata mpaka akakutana na utepe mwekundu wa nyumbani kwake, tepe saba za miaka saba. Akazitia mfukoni, na siku hiyo hakuhutubia tena.

Walifanya kazi mpaka alasiri. Walipotoa mzizi wa mwisho bomba likakoroma, likameza hewa, kisha kule ukutani maji yakaanza kuzunguka na kuingia. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wamechoka, na wengine walikuwa na aibu.

Kijijini, mke wa mwanawe alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, miguu imemvimba, anatazama njia ya msituni. Bomba la uani likakohoa. Likatema hewa, likatema maji ya tope, likatema kipande cha jani la sale. Akanyanyuka taratibu, akakiokota, hakujua kimetoka wapi. Maji yakatakata, yakaja kwa nguvu. Akakinga ndoo ya kwanza, akakinga ya pili, na hakuhitaji kukinga ya tatu, maana zahanati nako yalikuwa yanatoka. Mtoto alizaliwa Alhamisi. Aliogeshwa kwa maji ya bombani, na bibi yake ndiye aliyefungua koki.

Sasa sisi.

Msiniambie hatuna jiwe. Jiwe letu tunalo, tena tumeliezeka bati na kulipaka rangi mwaka jana, na tumekaa juu yake sasa hivi. Kutoka hapa kila kitu kinaonekana kizuri. Tunamshukuru Mungu, na tunapoona mambo yamekauka tunaongeza. Tunaongeza mkesha, tunaongeza pambio, tunaongeza vitambaa vya sare. Sikatai kushukuru, msije mkanichongea kwa wakubwa kwamba mchungaji amekataza kushukuru. Ninachouliza ni mara ngapi tumetumia kushukuru kama ruhusa ya kutoshuka. Yule mama hakuwa mwovu, wala mzee wa kanisa hakuwa mwovu. Walitupa kitu chema mahali palipotakiwa mkono.

Na mimi nimo. Mfano huu niliutunga shambani nikijisifu kwamba umekaa vizuri, nikiwafikiria nyinyi. Jioni nikarudi nyumbani, na njiani nikapita dirisha moja.

Kwaya yetu, mwaka huu mmetunga wimbo kuhusu wagonjwa. Ni mzuri, mimi mwenyewe niliulilia, na tuliuimba Jumapili saba mfululizo. Na nyote mnaijua nyumba ile ya pili chini ya barabara, yenye mlango wa buluu. Yule mama yetu hajatoka kitandani tangu Pasaka. Nilisimama dirishani kwake nikamsalimu, ni mara yangu ya kwanza, naungama mbele yenu. Nikamuuliza anaendeleaje. Akaniambia, "Mchungaji, wimbo wenu nausikia kutoka hapa. Mnaimba vizuri sana. Naomba tu siku moja mtu aje anigeuze, huu ubavu umeshachubuka."

Kwa hiyo leo hatuimbi wimbo wa kufunga ibada. Kutoka mlango huu mpaka kwake ni hatua mia mbili na njia ina matope. Mwenye viatu vya sikukuu avivue. Mabeseni yako ofisini kwangu, maji nimeshayachemsha. Akina mama wawili watatangulia kubisha, sisi wengine tutafagia uwanja, tutapasua kuni, tutachota maji, na tutapanga zamu ya kila siku. Yeye akishageuzwa, akishaoga, akishakula, tutamuuliza kama anataka tuimbe. Akisema amechoka, tutanyamaza.

Haya, simameni. Mimi natangulia.